Anayechuma Mubirizi

Maabara nzima inanuka mubirizi, kile kichaka kichungu cha dawa. Tunayaponda majani yake, tunayaloweka katika alkoholi, ili tutafute ndani yake kile kinachotuliza utumbo uliovimba. Harufu ni ileile ya zamani, chungu na mbichi, inashika kooni.

Asubuhi ile ya utotoni mwangu ukungu wa ziwa ulikuwa umefunika lupango yetu, nyumba na kiwanja chake. Mdogo wangu wa kike alikuwa anahara damu, na vita vilikuwa vimefunga njia ya kwenda hospitali. Koko, bibi yangu mzaa maman, alikaza kitenge chake akasema anatoka kuchuma mubirizi kwenye ua wa miti kando ya barabara.

"Kama uko nachuma dawa, usiitike mutu," alikuwa ametufundisha. "Ukiitika, dawa inakufa."

Kutoka dirishani niliona mgongo wake tu, na matawi yakitikisika. Kisha sauti ya askari ikatoka barabarani, ng'ambo ya ua.

"Nani iko pale?"

Koko aliendelea kuchuma.

"Nani iko pale? Jibu!"

Tawi likakatika. Halafu risasi.

Maman alimfungua Koko vidole kimoja kimoja ili ayatoe majani. Aliyatwanga akilia bila sauti, akamnywesha mtoto. Tumbo likatulia. Mdogo wangu leo ana watoto wake, na hataki mubirizi uingie nyumbani kwake.

Mwenzangu anagonga mlango wa maabara.

"Nani iko mule?"

Mikono yangu imejaa majani. Anauliza tena.

Siitiki.