Milimita Moja ya Fundi Nywele

Saa mbili kasoro asubuhi, fundi anaibana bastola tupu kwenye kifaa chake, anakaza skrubu mbili, kisha anashusha miwani hadi ncha ya pua. Kifaa chenyewe ni kama jiliwa dogo, kile kibanio cha chuma cha mafundi, lenye mkono wa kuzungusha. Kazi yake ni moja tu: kusukuma kilengeo, kile kichuma chenye mwanya anachochungulia mpiga risasi. Anazungusha robo. Anapima. Anazungusha tena, kidogo mno, hadi nauliza kama kweli kimesogea.

"Wewe usipumue tu," ananitania. "Milimita moja hapa ni kiganja kizima kule mita kumi na tano."

Ndiyo maana, kwa vipimo vyake vyembamba kama unywele, walinzi wa kampuni hii ya ulinzi humwita Nywele, ingawa kichwani hana hata mmoja. Ana miaka ishirini na mbili katika chumba hiki kisicho na dirisha, na hakuna aliyewahi kumlaumu. Lawama anayo mwenyewe, na ndiyo aliyoniitia niiandike.

Miaka mitatu iliyopita mume wa dada yake, mlinzi wa kampuni hiyohiyo, alikuwa anakaribia kufeli mtihani wa shabaha. Huvuta kifyatulio kwa pupa, risasi zinakwenda kushoto. Dawa yake ni mazoezi. Fundi akaona yatachelewa, akasukuma kilengeo cha bastola ya shemeji yake kulia. Shemeji akafaulu, na akaendelea kufaulu.

"Dada alikuwa mjamzito," anasema. "Nikajiuliza, kwani nani ataumia?"

Aliumia mlinzi wa lango la nyuma, mama ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kufeli. Mwaka huu, siku ya mtihani, bastola yake ilikuwa mezani kwa fundi ikibadilishwa springi. Akapewa ya shemeji, aliyekuwa likizo. Katika risasi kumi, mbili tu ziliingia kwenye duara. Nane zilibanana nje, upande wa kulia.

"Mkono mbovu hutawanya risasi," fundi anaeleza. "Zikibanana vile, mkono ni mzima, tatizo ni bastola. Msimamizi alihesabu za ndani tu. Mimi niliiona ile karatasi ya shabaha. Nikajua palepale."

Mama alilalamika kwamba bastola inampeleka kulia. Wakamcheka. Fundi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, akakaa kimya. Mkataba wa mama haukusainiwa tena.

"Nilijificha nyuma ya dada yangu. Mtu mzima mimi! Aibu tupu."

Wiki iliyopita alirudisha kilengeo katikati, akampelekea meneja barua yenye kila kitu, akiomba mama apimwe upya. Hajajibiwa. Dada yake hapokei simu zake.

Jumapili alikwenda kwa yule mama mlinzi, akamkuta anafua nguo za watu. Akaeleza yote, mama anasuuza tu. Kisha mama akauliza jambo moja.

"Siku ile niliposema inanipeleka kulia, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Mama akakamua shuka, akalianika, akaingia ndani.

Fundi anajua huenda akafukuzwa. Ombi lake ni kwamba mama akiitwa, aachiwe achague bastola mwenyewe.

"Nina hofu moja," anasema. "Akisema hataki yoyote niliyoigusa mimi, watampa ipi? Zote nimezigusa."