Dada wa Dawati la Dirishani

Dada wa dawati la dirishani hufanya kazi akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kijijini kwao Sola, na kabla ya kugusa kibodi hupangusa vidole kwenye kitenge. Faili la XML lenye orodha ya ng'ombe wa mkoa mzima limeigandisha kompyuta ya mwenzake Mayige tangu asubuhi, maana programu yake kubwa inataka kulimeza lote kwa mpigo. Dada kaandika kiskripti, kiprogramu cha mistari michache, kinachosoma ng'ombe mmoja mmoja kama wanaohesabiwa mlangoni mwa zizi, na ameshamaliza, anaimba chinichini. Wivu unamkaba Mayige. Anamwombea akosee, hata padogo. Dada anamsogezea sahani.

"Kula, kaka. Na skripti ichukue, umwambie bosi ni yako."

Laiti angeringa hata kidogo, Mayige angepata pa kumchukia.