Yasini ya Tatu

Juzi nilikuwa kwenye uwanja wa msikiti hapa Bagamoyo, ambako mwalimu mmoja hufundisha hesabu za nyakati za sala. Amesimika fimbo ardhini. Mimi husoma Yasini kwa mwendo mmoja, iwe kipimo cha muda, na kila nikiimaliza mwanafunzi huweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Hivyo hujifunza jinsi kivuli kinavyofupika kwa haraka asubuhi, kisha kinavyopunguza mwendo adhuhuri ikikaribia.

Zamani kokoto hizo aliziweka mwanangu, Mungu amrehemu. Sasa anaziweka kijana wa mkulima kutoka Kiwangwa, na siku hiyo mwalimu alimsifu kwa maneno yale yale aliyomsifia mwanangu: "Huyu ana jicho."

Maneno hayo yalinichoma. Yasini ya tatu nikaisoma polepole mno, ili hesabu yake iharibike.

Kijana akapima kwa shubiri, akarudia. "Mwalimu, kivuli kilipaswa kupunguza mwendo. Hapa kimeongeza."

"Umekosea kupima."

"Sikukosea. Ama jua limekimbia, ama baba anayesoma amechelewa."

Wenzake wakacheka. Mwalimu akanigeukia. Nikainamia msahafu.

Kijana akanitazama, kisha akasema kwa upole, "Tusimlaumu, Mwalimu. Huenda alikuwa anamwombea marehemu wake."

Wasomaji wangu, viatu tunavivua mlangoni, lakini wivu tunaingia nao. Nilijibu, "Ndiyo, mwanangu," nikaupokea udhuru ule ambao haukuwa wangu. Hapo nikamwonea wivu zaidi, maana alikuwa amenishinda hata kwa huruma.