Upande wa Binti

Mwalimu wetu wa muziki hakukusudia yaliyotokea. Ule ukumbi wa Nengo ni mwembamba, zamani ulikuwa stoo ya vinywaji, na jukwaa likiwekwa mbele, wa nyuma wanaona visogo tu. Kwa hiyo aliacha nafasi katikati iwe ya kuchezea, akapanga viti pande mbili vikitazamana. Hakukumbuka kwamba kwetu watu hukaa hivyo siku ya gusaba, familia ya kijana inapokuja kuomba binti, ukoo huu huku na ukoo ule kule. Na mchezo wenyewe, wa nyimbo na vichekesho, ulikuwa wa gusaba.

Mimi nilikaa na mama upande wa ziwa, karibu na mlango, ili aibu ikinizidi nitoke. Wimbo wa bibi harusi niliuandika mimi. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua, na nilimwomba asiseme, maana mimi nikitazamwa tu masikio yanashika moto. Lakini siyo hilo lililonitia hofu. Ndani ya wimbo mlikuwa na mama yangu.

Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila asubuhi anavuka nao mpaka wa Kongo kwenda Goma, na jioni akirudi, harufu yao inafika mlangoni kabla yake. Nikiisikia najua nyumba imejaa. Niliandika hivyo hivyo. Kwenye mazoezi, dada anayeimba sehemu ya bibi harusi akaongeza kitu chake: akifika pale pa harufu, anabana pua. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Sikuweza kumwambia aache. Mimi, kumwambia mtu aache jambo, bado sijafika huko.

Na mama hujipaka ndimu mikononi, kukata harufu, kila akienda mahali penye watu. Kanisani, kliniki, popote. Siku ile pia alijipaka, nikamwona, nikatamani mvua inyeshe mchezo uahirishwe.

Haikunyesha. Madirishani walikuwa wametundika vitenge, na jua la mchana lilipita ndani yake likawa la kijani, likawa la rangi ya chungwa. Upepo wa ziwa ukivuta kitambaa, rangi zilitembea juu ya nyuso za watu, polepole, zikarudi. Kabla ya wimbo wa pili mama alikuwa amelala begani kwangu. Huamka kabla ya ndege, kwa hiyo akikaa tu, usingizi unamkuta. Kinanda cha mwalimu kilisikika kwa mbali, mama alikuwa mzito na wa joto, na kwa muda nilisahau kuogopa.

Ilianza kidogo. Mzee mmoja mwenye kofia alichelewa, akaenda kukaa upande wa pili. Mwanamke wa mstari wetu akasema, kama anayejisemea, kwamba wakwe wa siku hizi wanachelewa na hata pombe hawajabeba. Upande wetu ukacheka. Mzee akavua kofia, akaomba radhi kwa wazazi wa binti, akaeleza kwamba gari lao lilikwama kwenye matope ya kule mbali Nyakiriba. Nyumba yake iko nyuma ya ukumbi, kila mtu anajua. Upande wake wakampigia makofi.

Kuanzia hapo mchezo haukuwa tena wa waigizaji peke yao. Msemaji wa kijana akiimba sifa za ukoo wake, wale wa kule wanaitikia, sisi tunaguna kwamba hatujashawishika. Kisha akauliza kama humu ndani kuna binti. Aliyepaswa kujibu ni mvulana wa darasa letu, na maneno yakamtoka kichwani. Alisimama tu. Kinanda kikarudia kipande kile kile, kikarudia tena.

Mama akafumbua macho. Nadhani hakuwa ameamka kabisa. Aliona koo mbili zinatazamana, na mgeni katikati anaulizia binti bila kujibiwa, na kumwacha mgeni hivyo ni aibu kwa nyumba nzima.

"Binti haiko," mama akasema. "Alienda Goma kuuzisha sambaza."

Msemaji wa kijana hakusita hata kidogo. "Shangazi, tutamungojea. Tulikuja na mikeka."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa amesema kwa nguvu, nikamwambia ndiyo. Akatengeneza kitenge chake, akakaa wima. Donc, yaani basi, akasema, sasa yeye ni shangazi, atafanya nini.

Ndipo bibi harusi akatoka nyuma ya pazia, akaanza wimbo wangu. Watu wakageuka kumtazama. Sauti yake ilipanda bila haraka, na maneno yangu yalionekana ya mtu mwingine, mtu mzima kuliko mimi. Akafika pale. Akabana pua.

Kicheko kilitoka zaidi upande wa pili. Mimi nilitazama mikono ya mama. Aliivuta taratibu, akaificha chini ya kitenge.

Mlango ulikuwa hapo karibu lakini nilibaki nimekaa. Mzee wa kofia, ambaye hakujua kitu, akaendeleza utani: akataka kujua kama hiyo harufu inaolewa pamoja na binti au inabaki kwao. Upande wetu wote ukamgeukia mama. Ilikuwa zamu ya shangazi.

Mama akatoa mikono chini ya kitenge, akasimama.

"Hiyo harufu ndiyo ilimusomesha," alisema. "Bon. Mwenye hawezi kulala nayo, mulango iko pale."

Hakupaza sauti. Upepo ulivuta kitenge cha dirishani, rangi zikapita juu yake. Hakuna aliyecheka. Kisha mzee akasimama na kofia kifuani, akatoa ile shukrani yetu inayozidi asante, ya kusema umepewa inka, ng'ombe.

"Mumetupa inka, shangazi."

Na upande wake wote ukasimama, mikono juu kama pembe za ng'ombe, kama tunavyocheza harusini. Dada aliyekuwa akiimba alikuja mpaka mbele ya mama. Mkono haukuwa tena puani. Alirudia ule mstari tangu mwanzo, na pande zote mbili zikauimba naye kwa midomo iliyofungwa.

Tukirudi nyumbani tulipita kando ya maji. Tulipokaribia kwetu mama alipunguza mwendo. Halafu akauliza ni nani alimwambia yule binti kwamba harufu inafika kabla ya mtu. Nikasema sijui, nikitazama ziwa.

"Ni mwenye anakaa ndani akingojea mulango ifunguke," akasema mama.

Nilimsogelea. Akaniwekea kiganja shingoni, baridi, harufu ya ndimu imekwisha kabisa, tukatembea hivyo.

Jumapili iliyofuata alinihimiza nivae haraka, tunachelewa kanisani. Alikuwa anauimba chinichini ule wimbo, sauti ameikosea kidogo. Ndimu ilikuwa mezani kwenye sahani, haijakatwa.