Pumzi Yenye Teluri

Ijumaa ile nilikuwa nyumbani Bagamoyo, nimeketi msikitini kando ya baba yangu. Hotuba ilikuwa haijaanza. Nikamwamkia mzee aliyekaa kulia kwangu, naye, badala ya kuitikia, akavuta ncha ya kilemba akaziba pua. Kisha akasogea. Pakabaki nafasi ya mtu mzima kati yetu, na hakuna aliyekuja kuijaza.

Tulipofika barazani kwetu, baba akanigeukia.

"Unakula kitunguu saumu kibichi halafu unaingia msikitini? Hukufundishwa?"

"Wallahi, baba, sijala. Tangu nije jana nimekula wali na samaki wa mama tu."

Mama akatoka ndani kuamua. Akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma.

"Unanuka, mwanangu. Tena tangu ulipoingia jana. Niliona haya kukwambia."

Nikacheka, kisha nikaacha ghafla. Nilikumbuka jambo nililolisoma zamani nikalipita haraka: anayevuta vumbi la teluri, elementi ya kijivu inayong'aa, hutoa pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu. Dozi ndogo tu yatosha. Mwenyewe huenda asijue kabisa.

Na mimi nilikuwa nasaga teluri karibu kila wiki.

Nilikuwa nasomea uzamili Dar es Salaam. Mimi na mwenzangu wa maabara, dada mmoja mzaliwa wa Tanga, tulichanganya unga wa elementi tatu, chuma, gerimani na teluri, tukautia katika mrija wa kioo, tukatoa hewa, tukauziba kwa moto na kuuingiza tanurini. Ndani yake huota vipande vyeusi vinavyong'aa, vya tabaka juu ya tabaka. Ukivibandika selotepu na kubandua, tena na tena, hubaki utando mwembamba ambao unene wake ni wa atomu chache. Ukiupoza vya kutosha, utando huo bado ni sumaku. Ndilo jambo lililotufanya tuwahi kazini asubuhi.

Nikampigia mwenzangu simu palepale barazani.

"Dada, samahani kwa swali hili. Kuna mtu amekwambia unanuka mdomo?"

"Nani kakueleza?" akauliza. "Mume wangu amehamia chumba cha wageni. Napiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu."

Nikamweleza habari ya teluri. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nanyonyesha."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ana mtoto mchanga.

Kesho yake tulikutana maabara na mwalimu wetu. Tulikuwa tukisagia ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta vumbi, na feni ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Mwalimu akachana karatasi ya chooni, akaishika mbele ya kabati. Haikutikisika: feni haikuwa ikivuta hewa. Fundi akapanda darini, akafungua bomba la kutolea hewa, akatuita. Kunguru walikuwa wamejenga kiota humo: vijiti, nyaya, mifuko ya plastiki, bomba limezibika kabisa. Mwalimu aliketi sakafuni na suruali yake safi.

"Nilikuwa nasikia inanguruma," alisema. "Nilisikia tu, sikuipima."

Hospitali walitupima damu, ini na figo, na mtoto wa mwenzangu pia. Daktari alimwambia mwenzangu asimamishe kunyonyesha mpaka majibu yatoke, naye akarudi nyumbani na kopo la maziwa ya unga, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Majibu yalikuwa mazuri kwetu sote, na kwa mtoto pia. Harufu ndiyo haikuwa na haraka, ilikaa miezi. Baba alimwendea yule mzee akamweleza, kisha akaniambia niswali nyumbani kwanza, naye akawa anabaki kuswali nami adhuhuri kila Ijumaa niliyokuja Bagamoyo.

Bomba lilibadilishwa. Mwenzangu alirudi baada ya muda, ingawa mumewe hakutaka. Siku tuliyopima utando wetu wa kwanza, mstari kwenye kompyuta ulipanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, kama mstari wa sumaku unavyofanya. Nilidhani tutashangilia. Mwenzangu akasema, "Kumbe kweli ni sumaku," akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa kwikwi. Nikamvutia kiti.