Duma wa Lodwar na Mbuzi Aliyevimba Tumbo

Akaale alizaliwa Lowarengak, kando ya ziwa, katika ukoo wa watu wembamba kama fito, na hakuna aliyejua umbo lake amelitoa wapi. Alikuja Lodwar kusoma, akamaliza, akapata kazi katika duka la dawa za mifugo karibu na soko. Huko akajulikana kwa kicheko chake kinachofika mpaka kwa watu wa boda boda, na kwa kuweza kumhoji mfugaji kuhusu kinyesi cha mbuzi wake huku yeye akila andazi.

Mwaka jana muuguzi alimpima presha, akaitazama mashine, akamtazama Akaale, akaitazama mashine tena. "Dada, tembea," akasema. "Tembea mpaka nguo zikulegee."

Akaale si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alinunua raba za rangi ya chungwa, akaingiza kwenye simu programu ya mazoezi iitwayo Songa, ile inayochora ramani ya njia uliyopita na kuwaonyesha wenzako. Ilipomtaka jina, akaandika: Duma wa Lodwar.

Duma huyo alitembea mwendo wa kobe aliyeshiba. Halafu siku moja jua likamzidi njiani, akapanda boda boda kurudi nyumbani, akasahau kuizima programu. Jioni alipofungua simu akajikuta ndiye wa kwanza Turkana nzima. Amewashinda askari, walimu wa michezo, hata vijana wanaofanya mazoezi ili waingie jeshini. Pongezi zilimiminika, na mojawapo ilitoka kwa mtu wa Kakuma aitwaye Mamer: "Dada, heshima yako. Unakula nini?"

Angeweza kusema ukweli. Akaandika: "Samaki."

Ndivyo mazungumzo yalivyoanza. Mamer alikuwa mtu wa Sudan Kusini, fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyekuwa akikimbia mazoezi asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Alikuwa mcheshi, hakuomba picha, hakuomba chochote. Akaale akaanza kutabasamu peke yake mbele ya watu waliokuja na mbuzi wagonjwa, nao wakaona anawacheka.

Kisha Mamer akaandika: "Mbona kila asubuhi unaanzia nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji? Halafu ukifika kwenye kona unasimama sana. Unanyoosha viungo?"

Akaale akahisi baridi mgongoni, na Lodwar hakuna baridi. Karibu na tangi ndipo nyumbani kwake. Na pale kwenye kona hakunyoosha kiungo chochote. Ndipo kwa mama wa maandazi. "Huyu anajua ninapolala na ninachokula," akawaza. "Amebakiza nini?"

Mbio akaenda kwa mama mdogo aliyekuwa akiishi naye, mwanamke mfupi aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa sufuria. Akamsomea ujumbe wote.

"Nani alimwambia tangi liko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Ni ramani, mama mdogo. Inajichora yenyewe, na kila mtu anaiona."

"Kumbe siku zote hizi unawaelekeza watu njia ya kuja kwangu!"

Siku hiyohiyo Etabo, mwenzake wa dukani, akamwonyesha pa kubonyeza ili wageni wasiione ramani. Akaale naye akamwandikia Mamer bila kuzunguka kwamba swali lile limemtisha. Jibu likaja upesi: "Pole sana, dada, sikufikiri. Ifiche kabisa, hata mimi nisiione." Baada ya kitambo akaongeza: "Ukipenda tuonane siku moja, chagua wewe mahali, penye watu. Mimi kutoka huku kwenda Lodwar lazima nipate kibali, lakini Kakuma mjini nafika kwa miguu."

Akaale alitamani kwenda. Mama mdogo akatoa masharti: iwe mchana, iwe hadharani, watu wa nyumbani wajue, nauli ya kurudi asiombe kwa mtu, na yeye mwenyewe awepo. "Nitakaa mbali. Nitajifanya sikujui."

"Na nikiona mambo si mazuri?"

"Utasema neno. Neno ambalo haliwezi kumtoka mtu kwa bahati mbaya."

Waliwaza mpaka chai ikapoa. Etabo, aliyekuwa amejialika mwenyewe, ndiye aliyelipata: "Sema, mbuzi amevimba tumbo." Wakakubaliana. Ni mwanamume gani atakayeleta habari za mbuzi wa namna hiyo mara ya kwanza anapoonana na msichana?

Jumamosi wakafika Kakuma. Akaale akakaa katika hoteli iliyo wazi kando ya barabara kuu, mezani pa mbele. Mama mdogo akakaa nyuma na sahani ya pilau. Etabo akajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye.

Mamer akaja, mrefu hata akainama kuingia kivulini. Akaangaza macho huku na huku, mara mbili yakampita Akaale.

"Samahani, dada. Natafuta mtu anaitwa Duma."

"Ndiye mimi."

Mamer akamtazama kwa adabu kubwa, adabu ya mtu anayepiga hesabu kichwani na hesabu inakataa. Lakini akaketi, soda zikaja, wakazungumza. Aliposikia kazi ya Akaale, uso ukamwangaza.

"Dawa za mifugo! Basi Mungu amekuleta. Shangazi yangu ana mbuzi, tangu jana hali. Ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma."

"Wa kushoto?" Akaale akasahau kila kitu isipokuwa kazi. "Anacheua?"

"Hacheui."

"Basi huyo mbuzi amevimba tumbo!" akasema, kwa ile sauti yake inayovuka soko.

Mama mdogo akaruka na kijiko cha pilau mkononi. Etabo akatoka nyuma ya nguzo, akaangusha kiti, akaangukia kiti. "Mwache mtoto wetu!" mama mdogo akafoka.

Kabla hajafika, kwenye meza ya pembeni likainuka kundi zima la wanawake warefu, mbele yao mmoja mwenye mwavuli. "Nyinyi ndio mumwache mtoto wetu!"

"Shangazi Akuol!" Mamer akashika kichwa. "Si nilisema mkae mbali?"

"Tukae mbali namna gani?" Akuol akasema. "Mtu anakimbia haraka kuliko gari, huyo ni mtu? Sisi tulijua ni matapeli wanataka kukuiba."

Mama mdogo akageuka polepole. "Haraka kuliko gari? Nani?"

Hoteli nzima ikamtazama Akaale. Mpishi alikuwa amesimamisha chapati hewani.

"Ilikuwa boda boda," Akaale akasema kwa sauti ndogo. "Nilisahau kuzima."

Mamer alicheka mpaka akaishika ile nguzo ya Etabo. Kicheko cha Akaale kikaungana na chake, na mwavuli ukashuka, na kijiko kikarudi kwenye pilau.

Walipomaliza kula wakaenda wote kwa Akuol, maana mbuzi hakuwa mzaha. Akaale akamnywesha mafuta ya kupikia, akamsukuma na kumkanda ubavu, huku Etabo akishika kichwa. Mbuzi akapiga mbweu kwa kishindo usoni mwa Etabo, akatikisa masikio, akaanza kutafuna mkono wa shati lake. Akuol akapiga vigelegele.

Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, Akaale huenda Kakuma wakatembea na Mamer kando ya laga, ule mto wa mchanga usio na maji, na jamaa wa pande zote mbili hufuata nyuma kwa hatua chache, Akuol na mama mdogo wameshikana mikono, kila mmoja na Kiswahili chake. Mamer ameshamshonea suruali ya mazoezi, na tayari amelazimika kuipunguza, maana imemlegea Akaale.

Juzi Akuol alimwuliza mpwa wake atamwambia lini huyu msichana lile neno lililo moyoni. Mamer akasema yuko tayari kabisa; anangoja tu siku ambayo shangazi zake hawatakuwa wanasikiliza. Mpaka leo hajaipata.