Saa ya Mungu, Saa ya Miguu

Daktari aliniambia nifunge macho, kisha akauliza kama nasikia anavyonigusa vidole vya mguu wa kushoto. Nikasema nasikia.

"Mama, bado sijakugusa," akasema.

Alikuwa kijana wa rika la mpwa wangu, na sikumpenda. Alipofika kunigusa kweli, kwa ncha ya kitu kama kalamu, nilinyamaza, na kunyamaza huko kukampa jibu. Akasema sukari imeanza kula mishipa ya miguu na vidonge peke yake havitatosha. Nitembee kila siku mpaka nitoke jasho, Jumapili ikiwemo. Nilitaka kumuuliza nisipotembea itakuwaje, lakini nilikuwa najua.

Mama yangu alikufa na sukari. Walimkata chini ya goti, wakarudi wakamkata juu ya goti, na waliposema wanataka kurudi tena akawaambia wamwache. Mimi ndiye nilimwogesha mpaka mwisho. Nilidhani mtu wa mguu mmoja atakuwa mwepesi kumgeuza kitandani, kumbe anakuwa mzito zaidi, maana hana cha kujisukumia. Nilitoka kwa daktari nikitazama miguu yangu kwenye ngazi, mmoja baada ya mwingine.

Shida ilikuwa saa. Mume wangu ni mwalimu huko Matete na hurudi nyumbani Ijumaa jioni. Watoto watatu, ng'ombe mmoja, na kabla ya saa mbili niwe nimeketi ofisini mjini, kwenye kiti ambacho siinuki mpaka jioni, nikipokea watu wanaotafuta faili za mashamba yao. Nikirudi nasonga obusuma, ugali wetu, natazama vitabu vya watoto, naanguka kitandani. Siku nzima nilikuwa na saa moja tu isiyo ya mtu, kuanzia kumi na moja alfajiri, na hiyo ilikuwa ya Mungu. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeketi kwenye kochi lile lile, blanketi magotini, Biblia mapajani, nikisoma na kuomba mpaka watoto waamke.

Nilijaribu kutafuta saa nyingine. Jioni niliweza siku mbili. Mchana nikajaribu kutembea mjini wakati wenzangu wanakula, lakini Kakamega mjini huwezi kwenda hatua kumi bila kukutana na mtu wa kwenu, na huyo umsalimie, umuulize wazee, umuulize mvua. Jasho halitoki hivyo. Ikabaki ile saa ya alfajiri, na mimi nikaiogopa. Nitamwendeaje Mungu kumwomba miguu, na mimi ndiye nimemnyang'anya saa yake? Nililia jikoni kwa jambo hilo, na sioni haya kusema.

Mwishowe nikaamua kwamba Mungu na yeye atatembea. Nikanunua raba za mitumba sokoni, zenye nyota kwenye soli. Nasoma mistari michache nikiwa ndani, nakariri mmoja, natoka nao. Njia yangu ilipita kando ya miwa yetu, ikashuka mtoni, ikapanda tena kwa nyuma ya boma la mama mkwe. Kuteremka nilikuwa naomba kwa mapana: serikali, kanisa, wagonjwa. Kupanda, pumzi ikikatika, maombi yalipungua mpaka nikabaki na "Bwana" kwa kila hatua. Nilirudi nimelowa jasho, na nikagundua kwamba kwenye kochi nilikuwa nasinzia zaidi ya nilivyokuwa nikikubali. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha sana.

Ng'ambo ya ua wetu anakaa mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Tunaitana dada. Alikuwa akilea mjukuu wake, mtoto mchanga, na mtoto huyo alianza kuugua. Nikamsikia akilia kila nikipita. Ndipo nikakumbuka ile habari ya Biblia ya mji uliozungukwa kimya kimya mpaka kuta zikaanguka, nikasema nami nitaizunguka nyumba hiyo mara saba, nimwombee mtoto, na hatua zangu zihesabiwe humo humo. Nilifanya hivyo asubuhi nne. Asubuhi ya tano mvua ilikuwa imenyesha, nikazunguka vile vile.

Mimi ni mzaliwa wa huku. Nimekua nikijua kwamba anayezunguka nyumba ya watu gizani akinong'ona ni mrogi, na mrogi hana jina lingine. Lakini nilikuwa najiona kwa ndani tu, mama anayeombea mtoto. Kwa nje sikujitazama hata mara moja.

Siku hiyo mtoto alishikwa na degedege. Walipotoka mbio kumpeleka hospitali kulikuwa kumeanza kupambazuka, na dada akaona nyayo kwenye tope, mzunguko juu ya mzunguko, nyota juu ya nyota. Hakupiga kelele. Jioni, mtoto akiwa amelazwa na malaria na ameanza kunyonya chupa tena, alivunja kijiti akakipima kwenye unyayo mmoja, akaja nacho mpaka mlangoni kwangu, akakilaza juu ya raba niliyokuwa nimeianika. Kikatoshea sawasawa.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa unazungukanga nyumba yangu ukitafuta nini?"

"Nilikuwa naombea mtoto, dada."

"Mtu akiombeanga mtoto anaingia kwa mlango. Anaketi. Anaomba tukisikia."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuitwa mrogi.

Jumapili tuliitwa kwenye sebule ya mama mkwe. Shemeji, mume wa dada, alizungumza kwa upole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Akasema hakuna anayenishtaki, ila kuanzia siku hiyo nisionekane nje kabla ya jua. Mume wangu alikuwa akitazama viganja vyake. Nilimngoja aseme neno moja, mwalimu wa watu, na hajalisema mpaka leo.

Aliyesema ni mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hatukuwa tumezoeana.

"Mrogi haimbangi," akasema. "Huyu aache atembee, lakini aimbe. Tukimsikia tutajua ako wapi."

Wote wakanigeukia. Ulikuwa mlango, nao ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yangu. Kuimba tu. Nami nikasimama nikasema, "Sitaimba ndio mjue mimi si mrogi. Mungu ananijua." Nilipenda sana jinsi maneno hayo yalivyosikika. Nikatoka nayo mpaka nyumbani, na mlango ukafungwa.

Jua likichomoza mimi tayari niko mbioni kwenda kazini, kwa hiyo nikatembea ndani. Kutoka mlangoni mpaka ukuta wa chumba cha watoto ni hatua kumi na moja, ukikwepa stuli. Nilizunguka meza nikinong'ona, na maombi yangu yakawa mashtaka. Nilimtajia Mungu kila aliyekuwa kwenye ile sebule, na alikoketi. Kanisani kina mama waliacha kuniomba niongoze maombi. Ilipofika zamu yangu walimpa mwingine, wakanitabasamia. Baada ya wiki mbili nilichoka na stuli, nikarudi kwenye kochi na blanketi langu. Raba nikazisukuma chini ya kitanda. Nilijiambia kwamba wamenizuia, na kila nikijiambia hivyo nilipata joto fulani kifuani, na nikaketi zaidi.

Jioni moja nilivua soksi ya kushoto ikakataa kutoka. Nikaivuta. Ndani ya kiatu cha ofisi kulikuwa na pini, hizi za kubania karatasi, imesimama kwenye soli, na kidole gumba kilikuwa kimebadilika rangi. Sijui niliikanyaga siku ngapi. Nilikuwa nimekwenda nayo kazini na kanisani, nimepiga magoti nayo. Sikusikia chochote.

Walikikata. Nilimuuliza yule daktari kijana kama kingepona iwapo ningeendelea kutembea zile wiki zote. Akasema hawezi kujua. Nilitaka aseme ndiyo, niwe na wa kumlaumu, kisha nikahesabu nani hasa ningemlaumu, na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ni mimi na ule usemi wangu mzuri wa sebuleni. Usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja kwenye ile wadi. Sikuweza kuomba. Mara moja tu nilimwambia Mungu ukweli, nikitazama mguu uliofungwa bandeji: kama ulitaka saa yako, ungeniachia cha kukujia nacho. Nikageukia ukutani. Nilikuwa namwona mama yangu, mara ya kwanza chini ya goti, mara ya pili juu ya goti, na nikajua kwamba mimi nimeanza foleni ile ile.

Kidonda kilipofunga, daktari alinirudisha kwenye neno lake. Nitembee, polepole, na viatu nivikung'ute kila ninapovaa. Nikajaza kitambaa mahali pa kidole ndani ya raba. Saa kumi na moja nikafungua mlango na nikashindwa kutoka. Nilisimama kizingitini nikiwa nimeshika fremu kwa mikono miwili. Nje kulikuwa bado giza, na nilikuwa naogopa: naogopa mguu, naogopa kuonekana, na naogopa zaidi ile sauti yangu ambayo nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba sitaitoa. Nilikuwa tayari kufunga mlango. Najua kabisa kwamba ningefunga, na nisingefungua tena.

Tochi ya simu ikawaka kwenye ua. Alikuwa dada, amevaa gambuti, amejifunga shuka mabegani.

"Watoto wako wamesema unaanza leo. Nimekungoja tangu jogoo ya kwanza," akasema.

"Unataka nini?"

"Twende."

"Watu watasema."

"Wewe tembea. Kuimba wachia mimi."

Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya kijiti, na hospitalini hakuja. Nilisikia kwamba alifika mpaka getini akarudi. Alinyoosha mkono nikaukataa, nikashuka ngazi mwenyewe, naye akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kanisani unaojulikana na kila mtu, lakini sauti yake ni ya kuita ng'ombe. Mbwa wakaamka. Dirisha la mama mkwe likafunguka, likakaa wazi. Tulipita kando ya miwa, tukapita nyumba yake, mahali penyewe pale pa nyayo, na hapo akaongeza sauti makusudi, mpaka nikaona aibu kwa ajili yake. Nilikuwa sijamsamehe. Kila hatua ilinikumbusha kidole changu, na kila nikikikumbuka nilimkumbuka yeye na shemeji na viganja vya mume wangu. Sikuomba chochote asubuhi hiyo. Nilikuwa natazama tu mahali pa kukanyaga.

Kwenye mteremko wa mtoni kuna mawe, na mguu usio na kidole gumba hauna breki. Uliteleza. Nikamshika mkono kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika, na sikuuachia, kwa sababu mawe yalikuwa bado mengi. Yeye alikuwa ameingia ubeti wa pili. Akaukosea. Alichukua maneno ya ubeti wa tatu akayapachika humo, akaendelea kwa nguvu kana kwamba hakuna kitu.

Mimi sivumilii mtu anayekosea maneno ya wimbo. Nikamrekebisha, nikiimba kwa sauti.